Saa Thelathini na Moja

Jengo hili nililijua likiwa mistari tu.
Salford, mwezi wa pili, mvua ikigonga dirisha la ofisi kama mdai,
nililiwashia jua la Julai kwa kidole kimoja,
nikakaa kando na kikombe cha chai
kompyuta ihesabu jasho la watu ambao hawajahamia.

Sheria yetu si kali. Chumba cha kulala, usiku,
kisipite nyuzi ishirini na sita
kwa zaidi ya saa thelathini na mbili mwaka mzima.
Ghorofa ya saba, upande wa magharibi, jibu likaja:
thelathini na moja.
Nikaandika: kimefaulu. Nikatia sahihi,
nikashuka kununua mkate.

Sasa ni Julai yenyewe, si ya kidole.
Bronagh Tully, muuguzi wa zamu ya usiku, ananifungulia,
macho mekundu kama aliyetoka kukata vitunguu.
"Umekuja na kipimo," anasema. "Kipimo ni mimi."
Ni saa tisa alasiri; huu ndio usiku wake.
Taulo alilolilowesha alalie limekauka, gumu kama ng'onda.
Paka amejilaza ndani ya sinki
na hana habari na mgeni.

Mbona hufungui dirisha?
Anacheka, kicheko cha upande mmoja. Analisukuma:
linatoka upana wa kiganja, linagota.
Kichuma kimelishika, mtoto asianguke.
Na upana huo huo wa kiganja
unapitisha treni, lori la taka, walevi wa Ijumaa.
Katika hesabu yangu dirisha hili lilikuwa wazi hadi alfajiri.
Katika hesabu yangu hapakuwa na treni.
Katika hesabu yangu, aliyelala hapa alilala usiku.

Wahenga walituonya juu ya ufa tusipouziba.
Tuliuziba! Kila ufa, kwa povu na utepe,
kwa kuiogopa Januari, huku tukisifiana,
hata pumzi ya paka ikakosa pa kutokea.
Na huko kwenye korido, juu ya dari,
mabomba ya maji moto yanapita uchi, kiangazi na kipupwe,
yakimpasha kila mtu mlango ambao hakuomba upashwe.
Niliweka kiganja ukutani.
Nikakiondoa.

Jirani, mzee Alwyn Hesketh, ana dawa yake:
shuka la kijani, nje ya kioo,
alilipenyeza kwa mpini wa ufagio, akalikaza kwa kamba ya kuanikia.
Wenye jengo wamemwandikia barua: shuka linaharibu sura.
Barua ameibandika kwenye friji.
Chumbani kwake kipimo changu kilishuka nyuzi nne.
"Pazia la ndani," akaniambia,
"ni kumfungia mwizi mlango akishaingia."
Miaka minne ya chuo kikuu,
nije kufundishwa na fundi wa breki za mabasi.

Ofisini kuna mchoro mwingine, ng'ambo ya mto.
Kioo toka sakafuni hadi darini; wanunuzi, naambiwa, wanapenda mandhari.
Safari hii nimemlaza Bronagh mchana.
Nimelifunga dirisha kila treni inapopita.
Vyumba vikawa vyekundu kimoja baada ya kingine
kama upele.
Basi nimechora vibao vya kivuli, nje, mbele ya kioo;
nimepunguza kioo; nimeyavisha mabomba koti nene;
nimeweka wavu wa chuma, dirisha lifunguke lote
na mtoto abaki ndani.

Mwenye mradi akapiga simu. Vibao ni ghali, alisema.
"Lile la kwanza ulilipitisha vizuri tu. Thelathini na ngapi vile?"
Moja, nikamjibu. Na leo alasiri, kitandani kwa mtu,
nimekuta thelathini na moja ile ile.

Akanyamaza kidogo.
"Saa," akauliza, "au nyuzi?"